Zoezi la Nyumbani na Lugha ya Nyumbani: Maoni Kuhusu Shule za Sekondari za Kutwa kwa Mfano wa Misigiri, Singida

1.0 Utangulizi

Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania umeendeshwa kwa zaidi ya miongo minne kana kwamba elimu yote hutolewa ndani ya kuta za darasa. Wataalamu wamejadili mwalimu anasema nini mbele ya ubao, kitabu kimeandikwa kwa lugha gani na mtihani unatungwa kwa lugha gani. Kinachojadiliwa kwa nadra ni kile kinachotokea jioni, mwanafunzi anapofungua daftari lake nyumbani, mahali ambapo mwalimu hayupo na lugha ya shule haizungumzwi. Makala haya yanakusudia kuliingiza suala hilo katika mjadala wetu. Yanahusu zoezi la nyumbani: namna linavyotolewa, namna linavyosimamiwa, na sababu zinazolifanya, mara nyingi, lishindwe kutimiza kusudi lake.

Hoja yetu kuu ni kwamba zoezi la nyumbani ni mapatano ya pande tatu, yaani mwalimu, mwanafunzi na nyumba anayotoka mwanafunzi huyo. Mwalimu huahidi kulisoma zoezi, mwanafunzi huahidi kulifanya, na nyumba huahidi kutoa muda, mwanga na utulivu. Mapatano ya namna hii hayawezi kuwapo pale ambapo upande mmoja hauielewi lugha ya mapatano yenyewe. Kwa hiyo tunadai kwamba, katika shule za sekondari za kutwa, zoezi la nyumbani halina budi litungwe kwa kuzingatia kile ambacho nyumba inaweza kukibeba, na kwamba jambo la kwanza katika mzigo huo ni lugha.

Tumechagua Misigiri kuwa mfano wetu. Misigiri ni njia panda katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, mahali ambapo barabara ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya, inaachana na barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Si mji mkubwa, wala si kijiji kilichojitenga. Kina maduka na wasafiri kwa upande mmoja, na mashamba na mifugo kwa upande mwingine. Kwa sababu hiyo ni mahali panapofanana na mamia ya vituo vingine vya Tanzania Bara ambako shule za sekondari za kutwa zimeenea. Hatukuja na takwimu za utafiti wa uwandani. Tunatoa maoni, na tunawaalika watafiti wayapime.

2.0 Istilahi na Mgongano Wake

Ni vyema tuanze na jina la jambo lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, kazi za nyumbani ni kuchota maji, kutafuta kuni, kupika, kufagia, kulea wadogo na kuchunga mifugo. Istilahi ya kazi ya nyumbani, kwa maana ya kazi ya shule inayofanyiwa nyumbani, ni tafsiri sisisi ya neno la Kiingereza. Tofauti baina ya dhana hizi mbili imebebwa na kihusishi peke yake, ya kwa moja na za kwa nyingine, nayo hupotea mara tu mwalimu anapotoa kazi zaidi ya moja. Mzazi akiambiwa katika mkutano wa shule kwamba mwanawe hafanyi kazi za nyumbani, anayo haki kabisa ya kushangaa, maana jana tu alimwona akirudi kisimani na ndoo kichwani.

Wanafunzi wengi wameukwepa mkanganyiko huu kwa kulitumia neno la Kiingereza lenyewe kwa matamshi ya Kiswahili. Katika shule za bweni kuna neno prepo, kwa maana ya kipindi cha jioni cha kujisomea chini ya usimamizi. Pia kuna kitenzi kizuri cha asili, kujisomea, ambacho kinataja tendo la mwanafunzi bila kutaja mahali. Katika makala haya tutatumia zoezi la nyumbani kwa ajili ya kazi ya shule, na kazi za nyumbani tutaziachia maana yake ya zamani.

Tofauti hiyo ya istilahi inagusa haki ya watoto. Mwanafunzi wa kutwa ana kazi za aina mbili zinazogombea saa zile zile za jioni, na shule huitambua moja tu. Mgongano huo humwelemea zaidi msichana, ambaye kwa desturi za jamii zetu nyingi ndiye anayetazamiwa jikoni na kisimani kabla ya kaka yake. Zoezi la nyumbani linalotolewa kwa kiasi kimoja kwa wote huonekana kuwa la usawa, lakini gharama yake haiko sawa kwa wote wanaolipewa.

3.0 Nyumba Kama Mahali pa Kujifunzia

Elimu ya sekondari ya zamani nchini ilikuwa kwa kiasi kikubwa elimu ya bweni. Mwanafunzi alijisomea chini ya taa ya shule, mwalimu wa zamu akipita, na wenzake wakiwa karibu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata, ambazo nyingi zilikuwa za kutwa. Kufutwa kwa ada katika shule za sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016 kuliongeza tena idadi ya watoto wanaoingia. Hapana shaka haya yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, mazoea ya kutoa mazoezi yalirithiwa kutoka bwenini bila kubadilishwa. Mwalimu aliendelea kutoa maswali kumi kama kwamba saa moja baadaye wanafunzi wangekuwa wameketi katika ukumbi wa prepo, ilhali sasa walikuwa wametawanyika katika vijiji.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma jirani na Misigiri. Masomo yakiisha alasiri, ana mwendo wa kurudi nyumbani kwa miguu. Akifika, zipo kazi za nyumbani. Chakula kikiisha kuliwa, giza limeingia. Kama nyumba ina umeme au taa ya sola, mwanga huo ni wa wote, na wapo wadogo, wageni na mazungumzo. Muda wa kujisomea uliobaki pengine ni nusu saa, na nusu saa hiyo anaikuta akiwa amechoka. Endapo walimu watatu, kila mmoja bila kujua mwenzake ametoa nini, wamempa zoezi la nusu saa, basi amepewa kazi ambayo haiwezekani, na kila mmoja wa walimu hao ataona kwamba yeye alitoa kidogo tu.

Kalenda ya kilimo huzidisha ugumu huo. Singida ni mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanzia Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Mwaka wa masomo huanza Januari, yaani wakati ambapo mashamba ya alizeti, mtama, uwele na mahindi yanahitaji palizi. Mwalimu anayetoa mazoezi mengi zaidi mwezi Februari ili kuwahi muhtasari wa somo, huyatoa wakati nyumba haina mkono wa kuachia. Akizingatia msimu, angeweza kuanza na mazoezi machache na kuyaongeza baada ya mavuno.

4.0 Lugha Isiyovuka Kizingiti

Muda na mwanga ni vikwazo vinavyoonekana. Kikwazo cha lugha hakionekani kwa urahisi, kwa sababu daftari la mwanafunzi hurudi shuleni likiwa limejazwa.

Historia ya jambo hili inafahamika. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu ya msingi baada ya mwaka 1967. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta na kutoa ripoti yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1983 Serikali ilitangaza kwamba badiliko hilo halitafanyika. Mwaka uliofuata Criper na Dodd (1984) walionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Nao pia walipendekeza kuimarisha Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilikiacha Kiingereza mahali pake, ilhali Sera ya Utamaduni ya 1997 iliahidi mpango wa kukitumia Kiswahili katika ngazi zote. Sera ya 2014 ilitambua lugha zote mbili, na toleo lake la 2023 limekiacha Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Rubagumya (1990) pamoja na Roy-Campbell na Qorro (1997) wameeleza kwa kina athari za hali hii darasani. Sisi tunauliza athari zake nyumbani.

Darasani mwalimu hutafsiri. Huandika ubaoni kwa Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili, na ufafanuzi huo ndio unaowawezesha wengi kufuata somo. Kinachoandikwa katika daftari, hata hivyo, ni kile cha ubaoni. Kwa hiyo zoezi la nyumbani humnyima mwanafunzi msaada wa pekee aliokuwa nao. Huenda nyumbani na maandishi, na sauti iliyoyafafanua maandishi hayo hubaki shuleni.

Chukua swali la Jiografia linalomtaka mwanafunzi aeleze sababu nne za mmomonyoko wa udongo. Likiulizwa kwa Kiingereza, mwanafunzi wetu wa kidato cha pili atatafuta katika daftari au kitabu aya yenye maneno yanayofanana na maneno ya swali, kisha atainakili. Asipoipata, atasubiri kesho asubuhi anakili daftari la mwenzake kabla ya kengele. Mwalimu atatia alama ya vema. Kumbe katika nyumba hiyo hiyo yupo mama ambaye anajua korongo lililo nyuma ya shamba lao lilianza mwaka gani, mifugo ilipita wapi, miti ipi ilikatwa, na tuta lipi lilisaidia. Maarifa hayo yamo katika Kinyiramba na katika Kiswahili, na swali halikumpa mwanafunzi sababu yoyote ya kumuuliza mama yake.

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule iliwafundisha vijana kuamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo katika vitabu na kwa watu waliosoma, na hivyo kuidharau hekima ya wazee wao. Zoezi la nyumbani lililoandikwa kwa lugha ambayo wazazi hawaisomi hulirudia fundisho hilo kila jioni. Mzazi aliyemaliza darasa la saba, ambaye anasoma gazeti na ujumbe wa simu kwa Kiswahili bila taabu, huonekana mbele ya mwanawe kama mtu asiyejua kusoma. Baada ya miezi michache huacha kuuliza juu ya shule, na mwalimu hulalamika kwamba wazazi wa kijiji hiki hawajali elimu.

5.0 Mafunzo Yaliyopo

Baadhi ya wasomi wanaweza kusema kwamba, kwa hali hii, zoezi la nyumbani lifutwe kabisa. Hatukubaliani nao. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa nchini Marekani na Harris Cooper mwaka 1989, na tena pamoja na Robinson na Patall mwaka 2006, yalionyesha uhusiano kati ya kufanya mazoezi ya nyumbani na kufaulu, na kwamba uhusiano huo ni wa wazi zaidi kwa wanafunzi wa sekondari na ni hafifu kwa watoto wa madarasa ya chini. Cooper pia ameunga mkono kanuni ya dakika kumi kwa kila darasa, yaani mtoto wa darasa la tatu apate dakika thelathini kwa siku kwa masomo yote kwa jumla. Tafiti hizo hazikufanyika Iramba, na zilihusu nyumba ambazo kwa wingi zilikuwa na taa na zilizungumza lugha ya shule. Hata hivyo, mambo mawili yanatufaa: kwamba umri wa mwanafunzi uzingatiwe, na kwamba hesabu ifanywe kwa jumla ya masomo yote.

Fundisho la pili linatoka hapa hapa nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili, wengi wao vijijini. Ilifuatwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu hao walijifunza nje ya shule, baada ya kazi za mchana, na wengi walikuwa na elimu ndogo au hawakuwa nayo. Kampeni zile zilikuwa na kipindi cha redio, kijitabu chepesi, kikundi cha majirani, na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo mafupi. Yote hayo yalikuwa kwa Kiswahili. Baada ya mjadala, kikundi kilitakiwa kutenda jambo: kuchimba choo, kusafisha kisima, kufyeka mazalia ya mbu. Kwa maneno mengine, zoezi lilikuwa na lugha inayoeleweka, wenzi wa kujifunza nao, msimamizi aliye karibu, na matokeo yanayoonekana. Ni ajabu kwamba nchi iliyoweza kupanga hayo kwa ajili ya watu wazima haijayapanga kwa ajili ya watoto wake wa sekondari.

Fundisho la tatu ni la karibu. Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Kwa miezi hiyo masomo yote yaligeuka kuwa mazoezi ya nyumbani. Vipindi vya redio na televisheni vilitangazwa, na baadhi ya shule za mijini zilituma mazoezi kwa simu. Mtoto ambaye nyumba yake haikuwa na vyombo hivyo, wala mtu wa kumfafanulia lugha ya kitabu, alibaki na daftari lake tu. Tukio lile lilituonyesha, kwa muda mfupi na kwa nchi nzima, tofauti ambayo huwapo kila jioni kwa kiasi kidogo.

Wala suluhisho si kuihamishia nyumba kazi ya shule. Nchini Kenya, mwaka 2021, wazazi wengi walilalamika hadharani kwamba mtaala wa umilisi ulikuwa ukiwadai muda, vifaa na fedha za kuchapishia kazi ambazo hatimaye walizifanya wao wenyewe. Nyumba ishirikishwe kwa kile ilicho nacho, isidaiwe kile isichonacho.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo sita, ambayo hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya wala kungoja badiliko la sera.

Kwanza, zoezi liwe na kusudi moja. Mwalimu ajiulize kama analitoa ili mwanafunzi arudie alichokwisha kukielewa, au ili akusanye habari za kutumiwa katika somo lijalo. Jambo ambalo halikueleweka darasani lisipelekwe nyumbani likaeleweke huko. Huko hakuna wa kulifafanua.

Pili, zoezi liwe na hatua mbili za lugha. Hatua ya kwanza, ambayo ndiyo ya nyumbani, iwe ya kuuliza, kutazama, kupima au kuhesabu, na mwanafunzi aandike matokeo kwa Kiswahili. Hatua ya pili ifanyike darasani kesho yake: mwalimu na wanafunzi wageuze yale waliyoyakusanya kuwa maelezo ya Kiingereza, kwa msamiati ambao mwalimu anauandika ubaoni. Katika mfano wetu wa mmomonyoko, mwanafunzi angemuuliza mzazi au jirani sababu mbili za korongo fulani kuwapo na njia moja iliyojaribiwa kulizuia. Hesabu nazo zinaweza kuanzia katika magunia ya alizeti na bei ya debe la vitunguu. Zoezi la namna hii ni gumu kulinakili, kwa kuwa majibu ya nyumba mbili hayawezi kufanana neno kwa neno.

Tatu, kiasi kipangwe na shule nzima. Mtaaluma aandae ratiba ya juma inayoonyesha somo lipi linatoa zoezi siku ipi, ili mwanafunzi asiwe na zaidi ya zoezi moja au mawili mafupi kwa siku. Ratiba hiyo ibandikwe ofisini na darasani, na ipunguzwe katika miezi ya palizi na ya mavuno.

Nne, kila zoezi lililotolewa lishughulikiwe. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kusahihisha madaftari yote kila siku, wala hahitaji. Anaweza kuanza kipindi kwa kusikiliza majibu ya wanafunzi wachache, kuwafanya wawili wawili wasomeane na kusahihishana, kisha akusanye madaftari machache kwa zamu, hivi kwamba katika wiki kadhaa amesoma ya wote. Zoezi ambalo halina mpango wa kusomwa lisitolewe. Mwanafunzi akigundua kwamba daftari lake halifunguliwi na mtu, hujifunza kwamba kazi ile ilikuwa ya kutimiza desturi tu.

Tano, kujisomea kusiachiwe nyumba peke yake. Shule iwaruhusu wanafunzi wanaotaka kubaki dakika thelathini au arobaini baada ya masomo, na iwasaidie wanaotoka kitongoji kimoja kuunda kikundi chenye kiongozi. Utaratibu huu uzingatie usalama wa wasichana, ambao hawapaswi kurudi nyumbani gizani.

Sita, zoezi lisilofanyika lichukuliwe kwanza kuwa ni habari, kabla ya kuwa kosa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002 zinaihusisha adhabu hiyo na makosa makubwa ya nidhamu, zinaweka kikomo cha viboko vinne, na zinataka idhini ya mkuu wa shule pamoja na kumbukumbu ya maandishi. Kutofanya zoezi ambalo mwanafunzi hakulielewa, au hakuwa na mwanga wa kulifanyia, si kosa kubwa la nidhamu kwa tafsiri yoyote ya haki. Tena, mwanafunzi anayeogopa fimbo hanyimwi njia: atanakili. Kwa hiyo adhabu huzalisha madaftari yaliyojaa na vichwa vitupu, na humficha mwalimu ukweli ambao angeuhitaji ili afundishe vizuri. Mwalimu aulize sababu, aziandike kwa muhtasari, na azitumie katika kutunga zoezi linalofuata.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza litahusu mtihani. Itasemwa kwamba Baraza la Mitihani hutunga mitihani ya sekondari kwa Kiingereza, isipokuwa ya somo la Kiswahili na masomo machache, na kwamba kumzoeza mwanafunzi kuandika kwa Kiswahili nyumbani ni kumwandaa ashindwe. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama zoezi la Kiingereza lingekuwa linamfundisha Kiingereza. Kunakili aya isiyoeleweka hakufundishi lugha yoyote. Katika utaratibu wa hatua mbili, mwanafunzi hukutana na Kiingereza akiwa na jambo la kusema, na akiwa mbele ya mtu anayeweza kumsahihisha. Anayekitakia mema Kiingereza cha watoto wetu angepaswa kuwa wa kwanza kuutetea utaratibu huo.

Pingamizi la pili litatoka kwa walimu, nalo ni la haki. Mwalimu wa shule ya kata ana vipindi vingi na madarasa makubwa, naye pia ana nyumba na shamba. Mapendekezo yetu, hata hivyo, yanapunguza idadi ya mazoezi badala ya kuiongeza. Maswali mawili yaliyosomwa yanamfaa mwalimu kuliko maswali ishirini yaliyotiwa vema bila kusomwa.

Pingamizi la tatu ni la kiisimu. Yapo maeneo ambako lugha ya nyumbani si Kiswahili bali lugha ya jamii, na Iramba ni mojawapo, kwani wazee wengi huzungumza mambo mazito ya kilimo na mifugo kwa Kinyiramba. Tunakiri hivyo, na hatuoni kwamba ni kikwazo. Mtoto anayeuliza kwa Kinyiramba na kuandika kwa Kiswahili anafanya kazi ya fikra yenye thamani, nayo anaiweza. Anayetakiwa kuruka kutoka Kinyiramba moja kwa moja hadi Kiingereza cha kitabu, peke yake, usiku, ametakiwa jambo ambalo hata sisi wasomi tungelifanya kwa taabu.

8.0 Hitimisho

Tumedai kwamba zoezi la nyumbani katika shule za sekondari za kutwa linashindwa kwa sababu linatungwa kwa ajili ya nyumba ambayo haipo: nyumba yenye muda wa bure, mwanga wa kutosha na lugha ya kitabu. Tumependekeza litungwe kwa ajili ya nyumba iliyopo. Nyumba hiyo ina vingi vya kutoa, mradi iulizwe kwa lugha inayoijua.

Suala hili linaidai pia taaluma yetu. Idara za Kiswahili zimetoa tasnifu nyingi juu ya lugha ya darasani na ya vitabu, lakini daftari la mwanafunzi halijapewa nafasi inayolistahili kama data. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada anaweza kuanza na madaftari ya darasa moja tu kwa muhula mmoja, kwa ridhaa ya wanafunzi, wazazi na shule. Ayachunguze ili aone ni sentensi ngapi zimenakiliwa, ni ngapi ni za mwanafunzi mwenyewe, na ni katika aina gani ya swali sentensi hizo za kwake zinatokea. Utafiti kama huo ungetupa msingi imara zaidi kuliko maoni, yakiwamo haya yetu.

Wakati tukisubiri matokeo hayo, walimu hawahitaji kusubiri. Mwalimu wa Misigiri anaweza kesho kutoa swali moja, kwa Kiswahili, ambalo mtoto atalipeleka kwa mama yake na kurudi na jibu ambalo mwalimu mwenyewe hakulijua.